Aliyepika Hula Kwanza

Kijitabu kilikaa sandukuni siku mbili kabla mwenyewe hajakifungua. Na usimcheke Yustina Ndahani. Hata wewe, kama jina lako halijawahi kuandikwa popote ila kwenye kadi ya kliniki na daftari la kanisa, ukipewa kitabu kipya chenye jina lako juu ya jalada hutakishika ovyo na mikono ya mafuta ya alizeti. Alikifunga kwenye kanga mpya, akakifungia sandukuni, akakitoa mara tatu tu kuwaonyesha majirani. Majirani wa Kintinku wakasoma jalada kwa sauti: "Yustina Ndahani, Mkufunzi." Wakapiga vigelegele, na mmoja akapiga goti kwa utani akasema, "Shikamoo mwalimu!" Yustina akaitikia marahaba huku akijifanya hataki, ila moyoni alikuwa anataka sana.

Alikuwa mjane wa miaka sitini na moja, mkulima wa uwele na mtama, mwenye mbuzi tisa na macho mekundu ya moshi wa jikoni. Shule aliishia darasa la saba. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Kintinku nzima ilijua hakuna anayemfikia, nalo ni kiazi cha njaa.

Kiazi hicho huota porini, kwenye vichaka vya bondeni, na ukikiona utakipenda: kikubwa, cheupe ndani, kinajaza sufuria. Ukikila kama kilivyo, kinakuua. Mwaka wa sabini na nne mvua zilipogoma na maghala yakabaki na panya tu, bibi yake Yustina alikichimba, akakikata, akakiloweka, akakichemsha, na watoto kumi na mmoja wa ukoo wakala hadi mvua ziliporudi. Yustina alikuwa na miaka kumi. Ndiye aliyekuwa akishika kisu upande wa pili wa karai. Tangu hapo, kila mwaka wa shida, watu walikuja kwake. Shuleni mwalimu aliwaambia hicho ni chakula cha nguruwe, washukuru Serikali inaleta unga wa njano. Unga wa njano ulikuja kweli, ila ulichelewa miezi mitatu. Hiyo miezi mitatu waliishi kwa kitu gani? Hakuna aliyeuliza.

Aliyeuliza alikuja baada ya nusu karne. Dokta Chediel alikuwa mhadhiri wa chuo kikuu, mwembamba, mwenye mashati ya kitenge na maneno mengi. Alikaa kwa Yustina wiki mbili na kamera yake na katoni nne za maji ya dukani, kwa sababu maji ya Kintinku, alisema, yana chumvi mpaka yanakausha midomo. Yustina alimcheka kwa hilo. Ila maneno yake aliyapenda.

"Mama," alisema siku ya kwanza, "sisi miaka sitini tunafundisha watoto wetu ya wenzetu. Ya kwetu tunayaita ushamba. Mwanafunzi wangu anajua viazi vya Ulaya vinaoza kwa ugonjwa gani, lakini akiachwa porini Manyoni siku nne anakufa njaa amekalia chakula. Nataka wewe uwe mwalimu. Siyo mtoa habari. Mwalimu."

Jamani, neno hilo lilimwingia. Akafundisha. Akaonyesha kila kitu kwa mikono, na Chediel akarekodi, akachukua na vipande alivyovipika Yustina kuvipeleka maabara. Majibu yakarudi: chakula salama, tena chenye wanga kupita muhogo. Somo likaanzishwa kwa majaribio, kwa Kiswahili, jambo ambalo wakubwa wa chuo walilipigia kelele kwelikweli. Na sasa wakubwa hao hao walikuwa wanakuja Manyoni mjini, kwenye kituo ambacho chuo kilikikodi kwa mafunzo ya vitendo. Jumamosi saa saba mchana wangekula chakula kilichopikwa na wanafunzi wenyewe kwa kufuata kijitabu ambacho Chediel alikiandika kutokana na maneno ya Yustina. Wakiridhika, somo linabaki moja kwa moja. Saa tisa Yustina angekabidhiwa cheti. Gari lingeondoka Manyoni saa saba kumfuata Kintinku.

Saa nne asubuhi ya Jumamosi hiyo Yustina alikuwa ameshaoga. Akakaa kwenye kigoda, akaanza kujiuliza maswali. Je, wakubwa wakimuuliza swali? Wakisema, mama, kwenye ukurasa fulani umeandika nini, atajibu nini? Mwalimu gani hajui kitabu chake? Basi akafungua sanduku, akafungua kanga, akavaa miwani ya kununua sokoni, akaanza kusoma polepole kwa kidole.

Mwanzo ulikuwa mtamu. Jinsi ya kukitambua kiazi, majani yake, sawa. Kukata vipande vyembamba, sawa. Kuanika juani siku mbili, sawa. Akageuza ukurasa wa sita.

"Loweka vipande katika maji safi na salama kwa siku tatu."

Akasoma tena. Kidole kikabaki pale pale kwenye neno "safi".

Yeye hakusema maji safi. Alisema maji ya kisimani. Na maji ya kisima cha Kintinku ndiyo yale yale ya chumvi ambayo Chediel alikataa kuyanywa. Chumvi hiyo ndiyo inayokikamua kiazi na kukitoa sumu yake. Bila hiyo unaweza kukiloweka hata wiki, kitalainika tu na sumu yake ndani. Kwa nini hakusema? Kwa sababu nani Kintinku husema maji ni ya chumvi? Ni kama kusema moto ni wa moto. Na mtu wa mjini, kwa nia njema kabisa, alipoandika akaona "maji ya kisimani" ni uchafu, akaurekebisha.

Akatafuta haraka mahali pengine, maana alikumbuka alichokisema kwa mdomo wake, tena alikirudia mara mbili mbele ya kamera. Kwamba anayepika kiazi hiki haonji chumvi, halambi mwiko. Kikiiva, aliyepika hula kwanza, peke yake, kipande kimoja. Wengine wote hukaa. Hata mtoto alie, hagusi mtu, mpaka kivuli cha nyumba kitoke mlangoni kifike kwenye jiwe la kusagia. Mpishi akibaki mzima, ndipo watu wanawe mikono. Bibi yake alisema kosa linaweza kuingia popote, kwenye maji, kwenye jua, kwenye kiazi chenyewe, na hakuna anayeweza kuyaona makosa yote kwa macho. Kwa hiyo wanaweka mtu mmoja mlangoni, aliyepika, awe mlinzi wa wengine.

Akapekua hadi mwisho. Neno hilo halikuwepo. Kwenye ukurasa wa mwisho, kwa maandishi madogo, akasoma: "Mila na imani zinazoambatana na chakula hiki hazikujumuishwa, kwa kuwa si sehemu ya utaalamu."

"Uwiii," alisema peke yake. Ikatoka sauti ndogo, kama ya mtu aliyekanyaga mwiba.

Sasa hofu ni kitu cha ajabu, haikupi njia moja. Sauti moja ikamwambia: wale ni wasomi, wana mashine, kama ni kibaya watajua. Wewe darasa la saba unawaambia nini? Sauti nyingine ikamwambia: ukisema kijitabu kina kosa leo, mbele ya wakubwa, somo limekufa, na watasema tulijua, mambo ya washamba haya. Na ya tatu, ambayo ndiyo ilimfanya asimame, ikamwambia: wakila wakafa, hakuna atakayesema maji. Watasema bibi kizee mwenye macho mekundu amewapa watoto wa watu sumu. Yustina alimjua mwanamke mmoja, jirani wa dada yake kule Kilimatinde, aliyeitwa mchawi akavunjiwa mlango kwa maneno mepesi kuliko hayo. Hakurudi tena nyumbani kwake.

Akapiga simu kwa Chediel. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Ikaita. Mara ya tatu yule dada wa mtandao akamwambia namba haipatikani kwa sasa. Saa sita kasorobo. Kungoja gari la saa saba ilikuwa ni kungoja msiba.

Gervas, dereva wa bodaboda, alikuwa kijiweni anakula mahindi ya kuchoma. "Mama, leo si unafuatwa na gari la kiyoyozi? Mbona unakimbia?"

"Gervas, nipeleke Manyoni. Sasa hivi. Kuna watu wanakwenda kula sumu."

Gervas alitupa gunzi bila kuuliza mara ya pili. Kupanda mlima wa Saranda pikipiki ililia kama inataka kuzimika, na kila ilipopunguza mwendo Yustina alimpiga Gervas mgongoni kama anayeswaga punda. Hakuona lori wala basi. Aliona sahani tu. Aliomba kwa Kigogo, akaomba kwa Kiswahili, akaona bado haitoshi.

Walifika saa saba kasoro dakika kumi. Turubai lilikuwa limefungwa mbele ya ukumbi, na ndani meza zimetandikwa vitambaa vyeupe. Chediel akatoka mbio kumpokea, shati limenyooka, uso unang'aa. "Mama! Shikamoo! Umewahi, safi sana!"

"Marahaba. Mmeloweka kwa maji gani?"

"Ya bomba, mama. Tena tuliyachemsha kwanza tukayapoza. Usiwe na wasiwasi kabisa."

Yustina akamshika mkono. "Mwanangu, hayo siyo maji. Yanayotakiwa ni ya chumvi. Maji ya kwetu, yale uliyoyakataa. Bila chumvi ile sumu haitoki. Zuia watu wasile."

Uso wa Chediel haukubadilika mara moja. "Lakini maabara ilipima, mama. Ni salama, nina karatasi."

"Ilipima nilichopika mimi. Hiki nani kakipima?"

Yustina aliona kabisa jibu likishuka kutoka kichwani mwa Chediel hadi tumboni. Chediel akageuka kuwatazama wakubwa waliokuwa wanakaa, akajipangusa midomo. "Mama, tukisimamisha sasa hivi, mbele yao, ndiyo basi. Kazi ya miaka minne itapotea. Hawataturuhusu tena. Labda… labda tuwape kidogo tu. Labda niseme chakula kimechelewa, tutafute…"

"Nani amepika?"

"Mwanafunzi wangu bora, Belinda. Ila hayupo, amejisikia vibaya kidogo, amekwenda kulala bwenini. Ni jua. Amesimama jikoni tangu alfajiri."

Yustina akashika nguzo ya turubai. "Alionja?"

"Kuonja? Mpishi si lazima aonje chumvi, mama?"

Mungu wangu. Msichana alikuwa ameshakula kwanza, peke yake, bila mtu kumwambia kwamba amekaa mlangoni.

Yustina hakumjibu. Aliingia ukumbini. Wahudumu walikuwa wameanza kuweka sahani, na mzee mmoja wa chuo, mwenye tai, alikuwa ameshachoma kipande kwa uma anakitazama. Yustina alitaka kusema kwa Kiswahili kizuri alichokuwa amejifunza kwa ajili ya siku hiyo, "Waheshimiwa," na kadhalika. Kikagoma kutoka. Kilichotoka ni yowe, lile la Kigogo la kuitia watu nyumba inapowaka moto. Ukumbi mzima uliganda. Uma ukaanguka.

"Msile! Acheni! Kina sumu!" Akapita meza hadi meza akivuta sahani, akizirundika kifuani kwake, mchuzi ukimwagika kwenye gauni lake la kitenge.

"Huyu mama ni nani?" mtu akauliza.

"Si ndiye mwenye chakula?"

"Ametuwekea sumu?"

Alisikia. Neno lenyewe, lile aliloliogopa tangu saa nne, sasa lilikuwa linatembea ukumbini kwa miguu yake. Hakugeuka. Chediel alikuwa mlangoni mikono kichwani, na hatimaye, nashukuru kwa hilo, akapaza sauti: "Fanyeni anavyosema! Mwageni vyote!" Yustina akamkamata msichana mmoja wa kuhudumu: "Bweni liko wapi?"

Belinda alikuwa amelala kitandani na viatu. Mate yalimtoka upande mmoja wa mdomo, macho yamepanda juu, na vidole vyake vilikuwa vinachezacheza peke yake juu ya shuka. Wenzake wawili walikuwa wamemfunika blanketi wakidhani ni malaria. Yustina akamgeuza ubavu ili mate yasimpalie, akamwita jina. Belinda akafungua mdomo, ulimi haukumtii.

Gari lililokuwa limeandaliwa kumfuata Yustina Kintinku ndilo lililompeleka Belinda hospitali. Daktari kijana akauliza mgonjwa amekula nini, na wasomi wote waliokuwepo wakatazamana. Yustina akamweleza: kiazi gani, kimelowekwa vipi, na kwamba mpishi amekuwa akilamba mwiko tangu asubuhi. Daktari aliandika haraka. "Dawa yake ni nini, mama?"

"Sijui kama ipo, baba. Sisi tunajua kumweka ubavu na kumngoja."

Wakamtundikia dripu, wakamwekea oksijeni, wakafunga mlango. Mara mbili kitanda kilisikika kikigonga ukuta, na kila mara Yustina alisimama akakaa tena. Hakuwahi kuogopa hivyo, hata mwaka wa sabini na nne. Mwaka ule alikuwa mtoto. Wa kulaumiwa alikuwa bibi yake. Leo bibi ni yeye.

Saa kumi Chediel alikuja kukaa kando yake kwenye benchi. Wakubwa wa chuo walikuwa wameondoka bila kumuaga. Alisema kwa sauti ya chini, bila kumtazama, "Mama, mzazi wa Belinda yuko njiani kutoka Itigi. Akifika, naomba niongee mimi. Wewe sema ni jirani, umekuja kusaidia tu. Siyo kwa ajili ya chuo, kwa ajili yako. Unajua watu walivyo. Mama mzee, sumu, na…" Akakatiza. Hakusema macho, lakini Yustina alimsikia.

Alikuwa anamhurumia kwelikweli, hilo Yustina hakulitilia shaka. Na ushauri wenyewe ulikuwa mzuri. Gervas alikuwa bado nje na pikipiki yake, angeweza kumfikisha Kintinku kabla jua halijazama, akafunga mlango wake, na jambo likabaki la chuo na wenyewe. Tena kosa la maji nani alilifanya? Siyo yeye aliyeandika "safi na salama". Nani alizikata mila kitabuni? Siyo yeye. Alikaa na mawazo hayo muda mrefu, na hayakumpa raha hata kidogo.

Daktari akatoka kabla ya saa kumi na moja, amelowa jasho. Alisema mtoto ametulia, amefungua macho na kuomba maji, ulimi unaanza kumrudia. Hatari kubwa imepita, ila atakaa wodini siku kadhaa. Yustina alijifunika uso kwa kanga akalia bila sauti.

Alipoiondoa kanga usoni, mwanamke mmoja alikuwa anakuja kwenye korido nusu akikimbia, kiatu kimoja mkononi kimekatika mkanda. Akasimama mbele yao. Akawa na adabu hata katika hali ile: "Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi ni Marietha, mama yake Belinda. Wameniambia barabarani kwamba kuna mwalimu aliyemfundisha kupika hicho chakula. Yuko wapi? Namtaka huyo mwalimu."

Chediel akainuka. "Mama, mimi ni…"

"Ni mimi," Yustina alisema.

Alisema akiwa amekaa. Marietha akamtazama kuanzia mchuzi uliokauka kifuani hadi kwenye macho, na kwenye macho akakaa sana. Yustina alilijua jicho hilo.

"Mtoto yuko hai, ameomba maji," alisema haraka kabla hajakosa nguvu. "Lakini mwalimu wake ni mimi, jina langu liko kwenye kitabu. Nilimfundisha nusu. Kuna niliyoyasema yakatupwa, na kuna ambayo sikuyasema kabisa, nikidhani kila mtu anayajua. Hilo la pili ni langu peke yangu."

Marietha akainua mkono ule wenye kiatu. Yustina akafumba macho, akangoja, wala hakujikinga.

Kofi halikuja. Alisikia pumzi ya Marietha, nzito, karibu kabisa na uso wake, kisha akahisi kiganja kikimshika chini ya kwapa na kumwinua kwa nguvu, kwa hasira, kama anavyoinuliwa mtu aliyelala shambani wakati wenzake wanalima.

"Mwanangu namjua," Marietha alisema huku akilia. "Akipona atarudi kwenye sufuria hiyo hiyo. Alikuwa ananipigia simu kila jioni kuniambia habari za hicho kiazi. Sasa ingia humo, umwambie yote, mbele yangu, hata neno moja usibakize. Hutoki mpaka umalize."

Waliingia. Belinda alikuwa amelala ubavu, macho wazi, mekundu. Yustina akasogeza kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda. Chediel, nyuma yao, akatoa daftari mfukoni, na Marietha bila kugeuka akamwambia alirudishe, asikilize kwanza. Akalirudisha.

Yustina akaweka mkono juu ya vidole vya msichana, ambavyo vilikuwa bado vinarukaruka kidogo. Aliogopa kuliko alivyoogopa ukumbini, maana sasa kulikuwa na mtu aliyekuwa tayari kumwamini tena. Akaanza na maji.